iPad 2 ya mwaka 2011 kwenye kibanda cha cherehani: uzoefu wangu wa miezi minane

Mteja mmoja wa mama alikuwa anapekua picha za mishono kwenye simu ya mama. Kidole kikateleza mara moja zaidi ya ilivyotakiwa, akajikuta anaangalia picha ya daftari la kikoba, na majina ya wanaodaiwa yote yapo pale. Hakusema kitu. Mama naye hakusema kitu. Jioni tulipofika nyumbani ndipo nikaambiwa: "Baba, nitafutie njia nyingine. Simu yangu siyo bango."

Kibanda chake kipo Ngamiani, hapa Tanga. Kina vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na mabango mawili ya mishono ambayo yamepauka kiasi kwamba mteja akikuonyesha gauni huwezi kujua lilikuwa jekundu au la machungwa. Nilifikiria kuprinti picha mpya. Halafu nikakumbuka kitu kilicholala kabatini chini ya mashuka.

Mwaka 2014 mamdogo alirudi kutoka Muscat na iPad 2. Wakati huo watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kuishangaa, na hakuna aliyeiita kishikwambi. Neno hilo wengi wetu tulilizoea baadaye, hasa kwenye Sensa ya 2022 makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mkononi. Watoto wakaichezea mpaka wakaichoka, ikaingia kabatini, ikakaa.

Niliichaji usiku kucha, asubuhi ikawaka. Kioo hakina ufa, spika inalia, kitufe cha Home kinabonyezeka. Tatizo la kifaa hiki si uzima, ni umri. iPad 2 ilitoka Machi 2011 ikiwa na kioo cha inchi 9.7, nukta 1024 kwa 768, prosesa ya A5 na RAM ya megabaiti 512. Yetu ni ya GB 16, ya Wi-Fi tu, haina laini. Mfumo endeshi wa mwisho iliopata ni iOS 9.3.5, wa Agosti 2016. Baada ya hapo hakuna tena.

Wiki ya kwanza niliipoteza kwa kutaka iwe kitu isichoweza kuwa. Nilitaka iangalie YouTube, ifungue WhatsApp, isome habari. Programu nyingi ukizigusa zinakwambia zinahitaji mfumo mpya zaidi. Kwenye Safari, kivinjari chake cha intaneti, ni hivyohivyo: tovuti nyingi zinakataa kufunguka, au zinakutisha kwamba si salama wakati kwenye simu zinafunguka vizuri tu. Nilidhani ni tarehe ya kifaa iliyoharibika, nikairekebisha, wapi. Kumbe sababu nyingine ni vyeti, yaani vitambulisho ambavyo tovuti inaonyesha ili kifaa kiiamini. Tovuti nyingi duniani zinatumia vyeti vya usalama vya Let's Encrypt, na cheti cha mzizi, kile kinachothibitisha vingine, ambacho vifaa vya zamani vilikuwa vinakitegemea kiliisha muda wake tarehe 30 Septemba 2021. Kilichokirithi kinatambulika kuanzia iOS 10. Sisi tuko 9. Kwa hiyo mlango umefungwa na hakuna mpangilio wa kubonyeza ukafunguka.

Nikaacha kuihangaisha na intaneti. Nikajiuliza inaweza kufanya nini vizuri bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Jibu likawa dogo sana: kuonyesha picha kubwa, zenye rangi nzuri, kutwa nzima. Basi. Na ndicho hasa mama alichokuwa anakihitaji.

Kuingiza picha ndani yake si kama simu za sasa. AirDrop, ile njia ya kutumiana picha bila waya, haipo kwenye iPad 2, na nafasi ya kadi haina. Nilitumia laptopu yenye iTunes, programu ya Apple ya kuhamishia vitu kwenye iPad, na waya wa zamani ule mpana wa pini 30. Unatengeneza folda moja kubwa, ndani yake folda ndogo, kisha unaiambia iTunes ilinganishe folda hiyo na iPad. Kila folda ndogo inatokea kwenye iPad kama albamu yenye jina lake. Zangu nikaziita Magauni, Madera, Sketi na Blauzi, Sare za Shughuli, Kanzu, Watoto. Mteja akishika tu anaona mafungu, hahitaji kufundishwa.

Faida moja sikuitarajia: picha zilizoingia kwa njia hii haziwezi kufutwa kutoka kwenye iPad yenyewe. Zinaondolewa kwenye laptopu tu. Mteja awe na kidole kizito vipi, albamu inabaki kama ilivyo.

Halafu kuna kufunga milango mingine. Kwenye Settings, General, Accessibility, kuna kitu kinaitwa Guided Access. Ukikiwasha, unafungua picha, unabonyeza kitufe cha Home mara tatu, na kuanzia hapo kifaa kinabaki ndani ya programu hiyohiyo mpaka uweke namba ya siri. Kubonyeza Home hakumtoi mtu. Unaweza hata kuchora duara kwa kidole juu ya sehemu ya kioo usiyotaka iguswe. Mimi nilizungushia ile alama ya kutuma picha kule kwenye kona. Kipo kwenye vifaa hivi tangu iOS 6, na kwa biashara ndogo nakihesabu kuwa kitu chenye thamani kuliko vyote vilivyomo humo. Mtoto wa mteja amekaa nayo nusu saa, mama yake anapimwa, na aliporudisha ilikuwa bado kwenye albamu ya Watoto.

Sasa nije kwenye picha zenyewe, maana hapo ndipo nilipokosea zaidi.

Nilijaza picha kama mia sita. Nilikusanya mishono ya Lagos, ya Accra, ya Dar, magauni yenye mikia mirefu, mikono ya puto, lesi iliyotiwa shanga hadi inang'aa. Siku ya kwanza wateja walifurahi kweli. Siku ya tatu mama alikuwa amekasirika. Mtu anachagua gauni la satini halafu anamletea kitenge cha waksi kigumu, anataka literemke vilevile. Mwingine: "Mama, nataka hili, lakini mkono wa lile, na shingo ya lile lingine." Wa tatu alichagua nguo ambayo kwa macho tu inaonekana imeshonwa kwa siku nne, anaitaka Ijumaa.

"Picha hizi nani atazishona?" mama akaniuliza. "Wewe?"

Akachukua daftari lake la vipimo, akapitia albamu zote jioni moja, akiandika namba za picha za kutoa. Zikabaki mia na arobaini hivi. Zote ni mishono anayoiweza, kwa vitambaa vinavyopatikana hapa mjini. Halafu akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza: nguo zake mwenyewe. Kila nguo inayokamilika sasa anaipiga picha ikiwa imevaliwa na mteja mwenyewe, kwa ruhusa yake, kwa simu. Kamera ya iPad 2 usiiguse kwa kazi hii, picha zake ni kama umepaka mafuta kwenye kioo. Jumapili mimi nazihamisha kwenye laptopu na kuziingiza.

Albamu hiyo inaitwa Kazi Zetu, na ndiyo inayoleta maagizo mengi kuliko nyingine zote. Mteja anaona gauni limevaliwa na mtu mwenye umbo kama lake, tena wakati mwingine anamfahamu. Anauliza, "Huyu si jirani yake fulani? Kitambaa alinunua wapi?" Mazungumzo ya bei yanakuwa mafupi. Kwa sare za shughuli ndiyo usiseme: wanakuja akina dada sita, wanaizunguka meza, kioo cha inchi 9.7 kinawatosha wote, wanabishana wao kwa wao mpaka wakubaliane, mama anaendelea kukata. Kwenye simu walikuwa wanapokezana na kila mmoja anaanza upya.

Kisimamio chake kina hadithi. Nilitaka kuiweka juu ya marufaa, pembe yake ni nzuri kabisa. Mama alikataa katakata, marufaa ni ya msahafu. Seremala wa jirani akatutengenezea kibao chenye mfereji kwa shilingi elfu nne, na kinafanya kazi ileile.

Mambo mabaya.

La kwanza ni joto. Vifaa hivi vimeundwa kutumika katika joto lisilozidi nyuzi 35, na Februari ya Tanga chini ya bati inafika huko bila kuombwa. Mimi nikaongeza ujinga wangu: niliiweka mwisho wa meza, karibu na pale pasi ya mkaa inapotuliwa. Saa saba mchana kioo kikawa cheusi, kikaandika onyo kwamba iPad inahitaji kupoa kabla ya kutumika tena. Mama alidhani imekufa. Niliihamishia upande wa mlangoni penye upepo, halijatokea tena.

La pili ni betri na chaji. iPad 2 ilikuja na chaja ya wati 10. Ukiichomeka kwenye chaja ndogo ya simu inakwenda kwa mwendo wa kobe, na kwenye laptopu nyingi inaandika kabisa kwamba haichaji. Waya wa awali ulikuwa umekatika shingoni, nikanunua wa bei rahisi dukani, ukafa baada ya wiki mbili; wa pili nilioulipia shilingi elfu kumi na mbili upo hadi leo. Betri ilipokuwa mpya ilikuwa ya saa kumi. Yetu sasa inatoa kama tano za kuwaka mfululizo, na kwa kuwa inazima kioo katikati ya wateja, inafika jioni. Umeme ukikatika haitusumbui. Ila nawaomba: msiiache imechomekwa saa ishirini na nne, siku zote, kama televisheni. Betri ya lithiamu iliyokaa asilimia mia kwenye joto inavimba. Ukiona kioo kimeanza kuinuka pembeni au mgongo umetuna, izime na usiichaji tena. Sisi tunachaji jioni nyumbani, ikijaa tunachomoa.

La tatu ni usalama, kwa maana zote mbili. Kifaa kisichopata masasisho tangu 2016 si mahali pa kuweka barua pepe yako kuu wala kitu chochote kinachohusu pesa. Yetu kibandani Wi-Fi imezimwa muda wote. Na kwa wezi wa kawaida, mama anarudi nayo nyumbani kila jioni, imefungwa kwenye kanga ndani ya mkoba.

Nyumbani usiku inabadilika kazi. Niliweka VLC, programu ya kuchezea video na muziki, toleo la zamani. Ukitaka programu ya namna hiyo, ichukue kwanza kwenye kifaa kipya kwa akaunti ileile ya Apple, kisha kwenye App Store ya iPad nenda sehemu ya Purchased; itakuuliza kama unataka toleo la mwisho linalokubali mfumo wako. VLC inapokea faili kutoka kwenye laptopu kupitia Wi-Fi ya nyumbani bila waya, hapo ndipo tunaiwasha kwa dakika chache. Mama ana taarabu zake za zamani humo. Video za muundo wa H.264 za 720p zinacheza bila kukwama. Zile za muundo mpya zaidi wa HEVC zinakatakata, itabidi uzigeuze kwanza. Mdogo wangu aliye kidato cha pili nilimwekea mitihani ya miaka iliyopita ya NECTA kwenye iBooks, programu yake ya kusomea vitabu. Anaisoma, ila zile zilizoskaniwa zinachelewa kufunguka, RAM ya megabaiti 512 inaonekana hapo. Anasema afadhali hivyo kuliko simu, kwa sababu hakuna kinachomwita.

Kama huna ya kabatini na unafikiria kununua iliyotumika kwa kazi kama hii, angalia jambo moja kabla ya rangi, kabla ya mikwaruzo. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya iCloud mbele yako, kisha aifute yote, na usubiri mpaka ianze upya bila kudai nywila ya mtu mwingine. Ikidai, rudisha. Kufuli hiyo ya akaunti ilianza na iOS 7, na usimtegemee fundi wa mtaani kuitoa, hata akikuapia. Bonyeza pia kitufe cha Home mara kumi, maana bila hicho Guided Access haina maana. Na ukiambiwa bei inayozidi shilingi elfu themanini, rudi nyumbani. Kwa pesa ya juu zaidi ya hapo tafuta kishikwambi cha Android chenye nafasi ya kadi. Kuingiza picha kutakuwa rahisi mara tatu.

Wiki iliyopita nilimwambia mama naweza kumtafutia kipya. Akauliza kama hicho kipya mteja akikishika ataweza kutoka kwenye picha. Nikasema hapana, tutakifunga vilevile. "Sasa kipya cha nini?" akasema, akaendelea kupima mkono wa mtu.