Magurudumu ya ubavuni au rafadha?

Mjadala huu wa meli za kivita za mvuke za Marekani hauishi. Chukua USS Powhatan ya magurudumu ya kupiga maji ubavuni (ilishushwa majini 1850) na USS Hartford ya rafadha, yaani panga la nyuma linalosukuma maji (1858).

Vitani rafadha inatia fora: imejificha chini ya maji, na ubavu mzima unabaki wa mizinga. Machi 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ikipita ngome ya Port Hudson kwenye Mto Mississippi, Hartford ilifungiwa ubavuni meli ndogo, Albatross, iliyosaidia kuinasua ilipokwama. Meli ya USS Mississippi, kwa kuwa ilikuwa na magurudumu ubavuni, haikuweza kufungiwa mwenza, ilikwama, ikateketea.

Kwenye mawimbi, meli ikilala upande gurudumu moja huzunguka hewani, jingine linazama mno, injini inateseka.

Matengenezo yanageuza kibao. Ubao wa gurudumu ukivunjika, fundi hufungua boliti na kuweka mwingine, meli ikielea palepale. Beringi ya mhimili wa rafadha ikilika, maji huingia tezini, nyuma ya meli, na hapo ni gudi tu, bwawa linalokaushwa ili meli itengenezwe.

Umri? Powhatan ilitumika 1852 hadi 1886, si haba. Hartford ilizama gatini Norfolk 1956, ingawa mwishoni ilikuwa pambo.

Kama kituo chako kiko mbali na gudi, magurudumu yanakufaa. Kama utapita chini ya ngome, chukua rafadha.