Vitabu vya koo vya Haridwar: nyota nne, ila gotra ni habari nyingine

Nawapa makuhani wanaotunza vitabu hivi nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyowakata wameitafuta wenyewe.

Kwa ambao hamjui, Haridwar ni mji wa hija kando ya mto Ganga, jimbo la Uttarakhand, na pale kuna makuhani wa Kibrahmini wanaitwa panda ambao kazi yao wanarithishana baba kwa mwana, wanawafanyia ibada mahujaji na hapo hapo wanatunza madaftari marefu kweli kweli, wao wanayaita bahi, yenye majina ya familia vizazi kwa vizazi. Usitegemee kaunta wala kompyuta. Unaulizia tu maeneo ya Har Ki Pauri, zile ngazi za kushukia mtoni, na swali watakalokuuliza ni kijiji cha asili cha mababu zenu na jati yenu (tabaka mlilozaliwa nalo), sio mnakoishi sasa hivi, halafu unaelekezwa kwa panda wenu, maana kila familia ina wake, huchagui.

Mimi nilimsindikiza rafiki yangu, Mbrahmini, walikuwa wanaleta majivu ya baba yake mtoni. Mzee kafungua daftari, kapitisha kidole, mara kamtaja babu, kamtaja baba wa babu, na sahihi ya huyo babu ipo pale kwa mkono wake mwenyewe alipokuja zamani kwa shughuli kama hiyo hiyo! Jamaa akampigia simu mama yake palepale anaongea kwa kelele hadi watu wanageuka. Kisha wakaandika kifo cha baba, ndoa na watoto waliozaliwa, akasaini na yeye. Hii ndiyo inanifanya niiamini hii huduma, taarifa inatoka kwa familia yenyewe na wanaisaini. Kuna familia zilizokimbia kutoka upande wa Pakistan mwaka 1947 zikapoteza kila kitu lakini majina yao yamebaki Haridwar, na hata mahakama za India zimewahi kuyapokea madaftari haya kwenye kesi za mirathi.

Sasa gotra. Wakati wa ibada kuhani anakuuliza gotra yako kabla ya kuendelea, jamaa akajibu Bharadvaja, na wageni wengi wanaondoka wakidhani hiyo ndiyo shajara ya ukoo. Hapana. Gotra inadai kwamba ukoo wa baba unatoka kwa mmoja wa marishi, yaani wahenga watakatifu wa kale, wale saba kina Vasishtha, Atri, Kashyapa na wenzao, wa nane Agastya, na juu yake kuna pravara, orodha fupi ya majina ya marishi ambayo kijana anafundishwa kuitamka akivishwa uzi mtakatifu (ya Bharadvaja ni matatu, Angirasa, Barhaspatya, Bharadvaja). Kati ya huyo rishi na babu yako hakuna daftari lolote bana. Tena koo za Kshatriya (tabaka la watawala na wapiganaji) zilikuwa zinachukua gotra ya kuhani wao, na asiyeijua yake mara nyingi anapewa tu Kashyapa, sasa hapo damu iko wapi?

Kazi yake hasa naiona kwenye ndoa. Wa gotra moja wanahesabiwa ndugu hawaoani, na binti akiolewa anahamia gotra ya mume. Kisheria kizuizi hicho kiliondolewa 1946, na sheria ya ndoa ya Kihindu ya 1955 inaangalia undugu wa karibu tu, vizazi vitano upande wa baba na vitatu upande wa mama, lakini nenda kawaambie wazazi wanaotafuta mchumba uone kama watakusikiliza.

Nyota niliyokata ni kwa sababu mbili. Kwanza wanawake, kurasa za zamani ni wanaume tu, bibi aliyewazaa wote hao hana hata mstari, na hilo mimi limeniudhi kuliko yote. Pili malipo, hakuna bei, ni dakshina, unaambiwa toa kwa moyo wako halafu ukitoa rupia 501 uso unabadilika. Kubalianeni kabla daftari halijafunguliwa.

Nenda asubuhi, na kabla ya kwenda muulize mzee yeyote wa familia jina la kijiji, bila hilo hata panda mwenyewe hana pa kuanzia. Picha tuliomba, akaturuhusu kupiga ukurasa wetu tu.