Google Forms kwa kutafuta watazamaji wa filamu: nyota nne, ya tano nimeikosesha mwenyewe

Filamu yetu ya mwaka wa mwisho ni ya uhalifu, dakika tisa. Mimi ni mwandishi na mhariri, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeinua mkono, nikabebeshwa na utafiti wa watazamaji. Mwalimu wetu hataki kusikia kwamba filamu ni ya kila mtu. Anataka umri, jinsia, wanachopenda, na ushahidi.

Dodoso lenyewe nililitengeneza kwa Google Forms, programu ya Google ya kuulizia watu maswali mtandaoni. Halikunimalizia saa nzima, na ni bure ukiwa na akaunti ya Google. Kilichonifurahisha zaidi ni kuweza kumpeleka mtu sehemu tofauti kulingana na alivyojibu: aliyesema hatazami kabisa filamu za uhalifu alirukishwa maswali ya wapelelezi na majambazi, akaangukia kwenye swali la kwa nini hatazami. Wenzangu wengi hawaijui hii. Wanamuuliza mtu mambo yasiyomhusu, naye anabofya chochote ilimradi amalize.

Majibu yakaanza kuingia, na papo hapo programu ikanichorea duara la rangi. Hapo ndipo nilipojidanganya. Kiungo nilikuwa nimekitupa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nikapata majibu 43, na 36 kati yake ni ya watu wa miaka 17 hadi 20, nami nikaandika kifua mbele kwamba watazamaji wetu ni vijana wa umri huo. Mwalimu akauliza swali moja: "Hao ndio wanaopenda filamu za uhalifu, au ndio walio kwenye simu yako?" Sikuwa na la kusema. Lile duara huchora asilimia hata waliojibu wakiwa wawili, na hupendeza vilevile. Silaumu duara, mimi ndiye niliyelilisha marafiki zangu.

Maswali yangu nayo yalikuwa mabovu. "Je, unapenda filamu za uhalifu?" Karibu wote wakajibu ndiyo, nani atamvunja moyo rafiki yake? Kisha nikachukua yale mafungu manne ya watafiti wa vyombo vya habari McQuail, Blumler na Brown ya mwaka 1972 tuliyofundishwa darasani, kwamba mtu hutazama ili asahau shida zake, apate cha kuzungumza na wenzake, ajione katika mhusika, au ajue yanayoendelea duniani. Nikaruhusu kuchagua zaidi ya moja. Wengi wakatia alama zote nne, kwa hiyo sikujifunza kitu.

Nikafuta hayo yote, nikaweka swali la kujieleza: "Mara ya mwisho ulipoacha filamu ya uhalifu katikati, uliacha kwa nini?" Hapo watu wakafunguka. Wengine walishamjua muuaji mapema. Mmoja alichoshwa na polisi wanaofanywa wajinga ili hadithi iende. Na mama mdogo, niliyemtumia kiungo kwa sababu tu nilihitaji mtu aliyevuka miaka 40, aliandika aya nzima: damu haimtishi, kinachomfanya azime ni msichana kuuawa dakika ya kwanza na hata jina hapewi. Filamu yetu ilianza hivyohivyo.

Raundi ya pili kila mwenzangu alitakiwa kuleta majibu manne: la aliye chini ya miaka 18, la wa miaka ya 20, la wa miaka ya 30, na la aliyevuka 40. Ndipo wakajitokeza akina mama wanaosikiliza podikasti za kesi za kweli na wanaonusa ushahidi kutuzidi sisi tulioandika hadithi. Kwenye mpango wetu hawakuwemo kabisa. Ila jihadhari: muhtasari wa Google Forms huonyesha kila swali peke yake. Ukitaka kujua wanawake waliovuka 40 walisemaje kuhusu mauaji, itabidi uyapeleke majibu Google Sheets, programu ya majedwali, ukayapange mwenyewe. Na ukitaka kila mtu ajibu mara moja tu, ni lazima aingie na akaunti yake. Mimi niliacha mlango wazi, maana mama mdogo asingehangaika na nywila kwa ajili yangu.

Kuna kitu dodoso lolote haliwezi kukuonyesha: dakika ambayo mtu anachukua simu. Tuliwakalisha watu wanne mbele ya filamu ikiwa bado haijakamilika, mama mdogo akiwemo, mimi nikakaa pembeni na kuwatazama nyuso zao badala ya kioo. Chumba cha mahojiano kilipoanza, simu tatu zikatoka mifukoni. Onyesho hilo la dakika mbili sasa lina sekunde hamsini.

Yule msichana wa dakika ya kwanza tumempa jina na mstari mmoja wa kusema. Mwigizaji wake ndiye aliyefurahi kuliko sisi sote.