Kibubu cha Tammany: jamaa mnene anayetia hela mfukoni tangu 1873

Haya wadau wangu mambo vipi, karibuni tena. Leo hapa mezani nina huyu jamaa mnene kakaa kwenye kiti, koti la kahawia, kizibao cha njano, na kabla sijasema lolote naomba mmtazame tu anachofanya. Naweka sarafu kwenye kiganja chake cha kulia... naachia. Mmeona? Mkono umeshuka wenyewe, hela imezama mfukoni kifuani, kichwa kikainama kushukuru. Narudia, angalieni kichwa safari hii. Hapo! Sijabonyeza kitu mimi, vidole vyangu viko huku.

Hiki ni kibubu cha mtambo, kinaitwa Tammany, chote ni chuma cha kumimina, urefu kama sentimita 14 na ushee, kazi ya kiwanda cha J. & E. Stevens kule Cromwell, jimbo la Connecticut, Marekani. Aliyekibuni ni John Hall, na hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ilitoka tarehe 23 Desemba 1873. Huyu Hall ndiye yuleyule wa kibubu cha Excelsior cha 1869, kile cha nyumba ndogo yenye nyani anayechomoza juu ya paa, ambacho wakusanyaji wengi wanakihesabu kama mwanzo wa vibubu vyote vya chuma vyenye mtambo. Kwa hiyo tunaongelea fundi aliyekuwa pale mwanzo kabisa.

Mimi naishi Pennsylvania, na hapa kwetu ukitaka vitu kama hivi Jumapili unaenda Adamstown, mji mdogo tu lakini barabara nzima ni maduka ya vitu vya kale, meza kwa meza, na kila ukipita utakuta vibubu. Watu wananiuliza sana kwenye komenti nianze na kipi, na jibu langu ni hiki hapa, na nitawaambia kwa nini.

Sababu ya kwanza ni mtambo wenyewe. Vibubu vingi vya zama zile vina springi na kishikio cha kuvuta, yaani springi ikivunjika basi umenunua sanamu, au unaanza kutafuta fundi wa kukutengenezea kipuri kipya na thamani imeshuka. Huyu hana springi. Mkono umening'inia umepimwa vizuri, uko kwenye mizani, uzito wa sarafu ndio unauvunja ule usawa na kuushusha, sarafu ikishatoka mkono unarudi juu. Basi. Miaka 150 na bado inafanya kazi kwa sababu hakuna cha kuchoka. Ndiyo maana na sarafu unayoweka ina maana: senti moja ya Marekani ya siku hizi ina gramu 2.5 tu, tangu 1982 mpaka walipoacha kuitoa 2025 waliitengeneza kwa zinki, zile za shaba za zamani zilikuwa gramu 3.1. Ona hii ya sasa, mkono unasitasita... haya umeenda. Nikiweka ya senti tano, ile ya gramu 5, unaenda bila kufikiri. Na hii hapa ni mia mbili ya Tanzania, nilikuwa nayo kwenye droo, sikilizeni mlio... tii! Hapo kichwa kimetikisika mpaka raha.

Sababu ya pili ni huyu mtu anamwakilisha nani. Tammany Hall kilikuwa chama cha siasa cha New York, na bosi wake alikuwa William Tweed, jamaa mnene kweli, ambaye yeye na genge lake walikomba hela za jiji bila aibu. Kuna jengo la mahakama kule Manhattan lilikuwa limepangiwa bajeti ya dola 250,000, likaishia kugharimu zaidi ya milioni 12, mafundi wanaandika ankara za uongo na mgawo unarudi kwa wakubwa. Mchoraji Thomas Nast akamkalia kooni kwenye gazeti la Harper's Weekly, kila wiki anamchora, mpaka wale wasiojua kusoma wakaelewa. Tweed alikamatwa 1871, akatiwa hatiani Novemba 1873, na mwezi uliofuata tu hataza ya kibubu hiki ikatoka. Mnaona wakati huo? Mtu bado magazetini, huku mtoto nyumbani anampa senti na yeye anatia mfukoni anaitikia kwa kichwa. Tweed baadaye alitoroka, akafika mpaka Hispania, na huko wakamtambua kwa zile katuni za Nast, akarudishwa, akafia jela ya Ludlow Street mwaka 1878. Kibubu chake kikaendelea kuuzwa miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Na hapa lazima niseme jambo moja, kwa sababu ukiingia kwenye mambo haya utakutana nalo na nisingependa ukutane nalo bila kujiandaa. Vibubu vingi sana vya wakati huo vinamdhalilisha mtu mweusi. Kimojawapo kilichouzwa mno ni kichwa na mabega ya mtu mweusi, mdomo mpana mwekundu, unaweka hela mkononi anaibugia na macho yanabingirika. Shepard Hardware wa Buffalo walikitoa 1882, halafu na Waingereza wakatengeneza vyao, John Harper wa Willenhall. Wachina, Waayalandi, wote walichorwa hivyohivyo. Na hivi vilikuwa vinapewa watoto! Yaani mtoto anajifunza kuweka akiba na dharau kwa mkono mmoja. Vipo mpaka leo mezani Adamstown, vinauzwa kawaida. Mimi sinunui, na siwezi kuweka hicho kitu kwenye kabati la nyumba ambayo wanangu wanapita. Sisemi vichomwe moto, kule Big Rapids, Michigan, chuo cha Ferris State kina makumbusho ya Jim Crow, yaani ya ule ubaguzi dhidi ya watu weusi Marekani, wanaviweka pamoja na maelezo yake ili watu waone chuki ilivyokuwa inafinyangwa kwenye vitu vidogo vya nyumbani, na nafikiri hapo ndipo mahali pake. Huyu Tammany angalau kamlenga mkubwa aliyekuwa anaiba. Kwangu mimi hiyo inatosha kumpa nafasi ya kwanza.

Sasa tuje kwenye feki maana ndio zimejaa. Feki nyingi zinatengenezwa hivi: mtu anachukua kibubu orijino, anakigandamiza kwenye mchanga kupata kalibu, anamimina chuma. Lakini chuma kikipoa kinasinyaa, kama asilimia moja hivi, kwa hiyo kopi inatoka ndogo kidogo kuliko mama yake. Wakusanyaji wana michoro ya kitako cha kila kibubu kwa vipimo halisi, unaweka chako juu yake, ukikuta kimepungua pembeni pote ujue. Tarehe ya hataza iliyochongwa kwenye chuma isikudanganye kabisa, kalibu inakopi na tarehe vilevile.

Halafu pitisha kidole. Leta kamera karibu... hapa mgongoni kwa kiti, laini, viwanda vya zamani vilitumia mchanga mwororo sana na waliunga vipande vikakaa, hapa kwenye mshono ukucha haupiti. Kopi ya bei rahisi inakwaruza, mshono una mwanya. Geuza uangalie na skrubu, ukiona inataka bisibisi ya nyota weka chini uondoke, skrubu hizo zimekuja miaka ya 1930. Na kutu ya kweli ya zamani ni nyeusinyeusi, kahawia iliyoiva, ile ya rangi ya chungwa inayobaki kwenye vidole ni ya juzi.

Kuna kopi za heshima pia, zile za Book of Knowledge, chini zimeandikwa wazi kwamba ni nakala, hizo sina ugomvi nazo, anayeuza akikwambia ni nakala na bei ikawa ya nakala mnunulie mtoto acheze.

Kitu kinachobeba bei ni rangi. Tammany waliobaki ni wengi ndiyo maana sio ghali, kwa ninavyoona mimi wanatembea kati ya dola 200 na 500, wa chini ni yule aliyebaki chuma kitupu na wa juu ni mwenye rangi yake karibu yote. Kuna watu wanapata orijino imebanduka wanaipaka upya ing'ae, jamani msifanye hivyo, nawaomba! Rangi iliyochakaa kwa mikono ya watoto wa zamani ndiyo unayoilipia. Angalia hapa mkononi imeisha na kwenye mfuko imeisha, lakini chini ya kiti ipo, ndivyo inavyotakiwa, iishe pale panapoguswa. Ukikuta imechakaa sawasawa kila mahali, hiyo ni msasa. Na kama una ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti feki dukani, zima taa umulike, rangi nyingi za siku hizi zinawaka, ya zamani inabaki imefifia.

Ila rangi hiyo ya zamani ina madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu, kwa hiyo watoto wadogo wanaotia vitu mdomoni wakae mbali, na wewe mwenyewe ukishamaliza kuchezea nawa mikono. Kusafisha ni kitambaa laini kikavu, sio maji, sio sabuni, na yale mafuta ya kupulizia ya WD-40 usiyakaribishe.

Kwa wale mlioko Dar, Mombasa, Muscat mnaoagiza kupitia ndugu: chuma hiki kinavunjika, hakipindi. Mwambie anayekutumia aufunge mkono na sponji peke yake na kichwa peke yake, asiache vikicheza ndani ya boksi, na kabla hajafunga akurekodie video fupi ya mkono ukishuka na sarafu ndani yake.