Lita nne za makrogoli, mara mbili: tathmini ya dawa ya kusafisha utumbo kabla ya kipimo cha kamera

Dawa ninayoitathmini hapa nimeinywa mara mbili katika muda wa majuma matano. Ilikuwa dawa ileile, ya kiwanda kilekile na kwa kiasi kilekile cha lita nne, lakini mara ya kwanza daktari alishindwa kuikamilisha kazi yake, na mara ya pili aliona kila alichotaka kukiona. Kilichobadilika ni saa za kuinywa, pamoja na mambo machache niliyoyafanya siku za mwanzo wa juma lile. Kwa hiyo siwezi kuisifu wala kuilaumu dawa yenyewe bila kuitathmini pia karatasi ya maelekezo niliyokabidhiwa pamoja nayo, kwa kuwa ni karatasi hiyo iliyoniangusha.

Nina umri wa miaka 58, naishi Tanga, na nilipelekwa Dar es Salaam kufanyiwa kolonoskopi baada ya kuona damu katika choo kwa zaidi ya mwezi. Katika kipimo hicho daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera katika njia ya haja kubwa na kuukagua utumbo mpana wote, ambao kwa mtu mzima huwa na urefu wa mita moja na nusu hivi. Anachokitafuta mara nyingi ni vinyama vidogo vinavyoota katika ukuta wa utumbo, vingine vya milimita chache tu, ambavyo baadhi yake huweza kugeuka saratani baada ya miaka. Kamera haipenyi kinyesi, na kinyama cha ukubwa wa punje ya mchele kinaweza kufichwa na utando mwembamba tu wa uchafu. Aliyelala juu ya kitanda akiwa hakusafika vizuri amejisumbua bure, na ametoa fedha bure.

Boksi nililonunua lilikuwa na pakiti nne za unga mweupe, kila moja ya kuchanganywa na lita moja ya maji. Katika kila pakiti mlikuwa na gramu 64 za makrogoli, pamoja na salfeti ya sodiamu, bikaboneti ya sodiamu, kloridi ya potasiamu na chumvi ya kawaida. Sisi tuliolelewa Pwani tumezijua dawa za kuendesha tangu utotoni, maana bibi zetu walitunywesha haluli, sanamaki au mafuta ya mbarika kila walipoona tumbo limejaa. Dawa hizo za zamani hufanya kazi ama kwa kuuchochea utumbo ujikamue kwa nguvu, ama kwa kuyavuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza tumboni. Makrogoli haifuati njia hizo. Haifyonzwi na mwili, bali huyashikilia maji yaleyale uliyoyanywa na kuteremka nayo hadi mwisho, ikizoa kila inachokikuta, na chumvi zilizomo zimepimwa ili mwili usipoteze wala usiongeze maji na madini kwa kiwango cha kudhuru. Mchanganyiko wa aina hii ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1980 na John Fordtran na wenzake huko Dallas, Marekani, na ndiyo sababu kiasi chake ni kikubwa hivyo: utumbo unaoshwa kwa wingi wa maji, hauchokozwi.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu muuzaji wa duka moja la dawa, nilipomwomba unga huu mara ya kwanza, alinijibu kwamba umekwisha na akanishauri ninywe manitoli ya chupa, ile inayotumika hospitalini kwa njia ya mshipa, eti ni rahisi na haina karaha. Nilikataa kwa kubahatisha tu, na baadaye daktari akanieleza kwamba nilikuwa nimekataa jambo la hatari. Bakteria wa utumboni huichachua manitoli na kutoa gesi ya haidrojeni, na daktari akitumia kifaa cha umeme kukata kinyama, gesi hiyo inaweza kulipuka. Mwaka 1979 madaktari wa Ufaransa walichapisha taarifa ya mgonjwa aliyefariki kwa mlipuko wa namna hiyo. Dawa nyingine iliyopendwa zamani kwa sababu ilikuwa kidogo na rahisi kunywa ni fosfeti ya sodiamu, ambayo iligundulika kuwa inaweza kuharibu figo, na Desemba 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu yake. Ukilinganisha na hizo, lita nne zenye ladha mbaya ni bei ndogo ya kulipa.

Na ladha ni mbaya kweli, sitaificha. Inafanana na maji ya bahari yaliyotiwa sukari kidogo na mafuta kidogo, na huacha utelezi mdomoni. Glasi tatu za mwanzo hupita bila shida, ya nne humfanya mtu aiangalie kwanza, na kuanzia ya saba inakuwa ni suala la nidhamu. Mara ya kwanza niliinywa ikiwa na joto la chumbani na nikakaribia kuitapika. Mara ya pili niliichanganya mapema, nikaiweka katika friji, nikainywa kwa mrija niliouweka nyuma ya ulimi, na baada ya kila glasi nikalamba kipande cha limau. Tofauti ilikuwa kubwa. Ubaridi huo, hata hivyo, una gharama yake, kwani baada ya lita moja na nusu nilianza kutetemeka kama mwenye homa, ikabidi mdogo wangu wa kike aniletee blanketi huku akicheka, “Kaka, hiyo ni dawa au ni barafu?”

Sasa niieleze hiyo karatasi. Hospitali niliyoanzia ilinipa nusu ukurasa uliorudufiwa mara nyingi hadi herufi zilikuwa zimefifia, ukisema nisile chakula cha usiku na ninywe pakiti zote nne jioni ya kuamkia siku ya kipimo. Nilitii. Nilianza saa kumi na mbili jioni, nikamaliza saa nne usiku nikiwa nimefura kama kiriba, na hadi saa saba usiku nilikuwa natoka maji matupu. Niliamini kazi imekwisha. Lakini miadi yangu ilikuwa saa nane mchana, yaani saa kumi na sita tangu glasi ya mwisho, na katika muda huo wote utumbo mwembamba haukulala. Uliendelea kuteremsha nyongo na majimaji mazito ya rangi ya manjano, ambayo hufikia kwanza upande wa kulia wa utumbo mpana na kuupaka utando unaonata. Ripoti iliandika alama 1 upande wa kulia, 2 katikati na 2 kushoto, kwa kipimo cha Boston ambacho huupa kila upande kati ya 0 na 3. Upande hata mmoja ukipata chini ya alama 2, usafi hauhesabiwi kuwa wa kutosha, nami nikaambiwa nirudie.

Hospitali ya pili ilinipa maelekezo ya kurasa tatu, na muuguzi akanisomea sehemu muhimu kabla sijaondoka. Dawa iligawanywa: lita mbili jioni ya kuamkia kipimo na lita mbili alfajiri ya siku yenyewe, kwa sharti kwamba lita za pili zianze zikiwa zimebaki saa nne hadi sita kabla ya kipimo, na nisiwe nimekunywa chochote, hata maji, katika saa mbili za mwisho. Mgawanyo huu si ubunifu wa hospitali moja. Ndio unaopendekezwa na vyama vya madaktari wa njia ya chakula vya Ulaya na Marekani kwa miaka zaidi ya kumi sasa, kwa sababu husafisha vizuri zaidi na huvumilika zaidi. Miadi ilikuwa saa nne asubuhi. Niliamka saa kumi alfajiri, nikanywa glasi moja kila baada ya dakika kumi na tano hivi, adhana ya alfajiri ikanikuta nusu ya kazi, na saa kumi na mbili asubuhi jagi lilikuwa tupu. Choo cha mwisho kilikuwa cha manjano maangavu kama mkojo, bila chembe, na hiyo ndiyo ishara ya kutafuta. Kikiwa bado cha kahawia au chenye vipande, mjulishe mhudumu kabla ya kulazwa kitandani, wala usiseme “nimesafika” kwa aibu.

Hofu yangu kubwa ilikuwa safari. Mtu aliyekunywa lita mbili alfajiri anawezaje kukaa katika daladala kutoka Mbagala, nilikofikia, hadi mjini? Nilikodi bajaji, nikavaa nguo inayovulika haraka, nikachukua suruali ya akiba, na ikawa sikuihitaji. Nyumbani lakini ilitubidi tujaze ndoo nne tangu jana yake, kwa kuwa maji ya bomba mtaani pale hayana ahadi, na mwenye kunywa dawa hii bila akiba ya maji chooni atajuta kabla ya usiku wa manane. Mafuta mazito ya kujipaka ni muhimu pia. Ngozi ya sehemu ile huungua baada ya safari ya tano au ya sita, na kujisafisha kwa maji badala ya karatasi kulinisaidia sana.

Kuhusu chakula, karatasi ya kwanza haikuwa na neno juu ya siku zilizotangulia. Ya pili ilinitaka niache kwa siku tatu mchicha, kisamvu, maharage, dona, mahindi ya kuchoma na matunda yenye mbegu kama mapera na mapasheni, ambazo mbegu zake huweza kuziba njia ya kunyonyea uchafu katika mpira wa kamera. Nilikula wali mweupe, samaki, mayai na mkate mweupe. Siku ya mwisho nilibaki na vinywaji vinavyopitisha mwanga peke yake: chai ya rangi, mchuzi wa kuku uliochujwa, maji ya dafu bila nyama yake, na juisi ya tufaa iliyochujwa. Uji na maziwa havimo, na juisi ya rozela ilikatazwa kwa sababu rangi yake nyekundu huweza kudhaniwa ni damu. Mwenye maradhi ya figo asijiruhusu dafu bila kuuliza, kwa sababu lina potasiamu nyingi.

Mfamasia wa duka la pili anastahili sifa yake pekee. Kabla ya kupokea fedha aliniuliza, “Mzee wangu, unatumia dawa gani nyingine?” nami nikamtajia dawa ya presha na vidonge vya madini ya chuma nilivyopewa kwa ajili ya upungufu wa damu. Vidonge hivyo, alisema, huufanya uchafu kuwa mweusi na wa kunata, na kwa kawaida huachwa siku saba hivi kabla. Hakuna aliyeniambia hilo mara ya kwanza. Aliniagiza nimpigie daktari kuhusu kidonge cha presha, kwa kuwa changu kina dawa ya kuongeza mkojo ndani yake, na daktari akaniambia nikiache asubuhi ile. Mfamasia akaongeza kwamba wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge, na wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande kama wafarini, hawapaswi kubadilisha chochote kwa akili yao wenyewe wala kuendelea kana kwamba ni siku ya kawaida, bali waandikiwe ratiba na daktari wao. Mwenye dalili za utumbo kuziba, yaani tumbo limevimba, anatapika na hapati choo wala hewa, asiinywe kabisa bali aende hospitali. Na kwa yeyote, kichefuchefu kikizidi, ni kupumzika nusu saa kisha kuendelea polepole. Maumivu makali ya tumbo, kuzimia au kuchanganyikiwa ni sababu ya kuacha na kupiga simu mara moja. Wazee na wenye moyo dhaifu wasinywe peke yao nyumbani.

Ripoti ya pili iliandika 2, 3 na 3, jumla 8 kati ya 9. Daktari alikuta vinyama viwili na kuviondoa palepale, kimoja kikiwa upande uleule wa kulia ambao majuma matano kabla ulikuwa umefunikwa na utando wa manjano.

Dawa naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ladha na kwa ajili ya bei, ambayo ilitofautiana sana kati ya duka na duka, hivyo piga simu kwa matatu au manne kabla ya kutoka nyumbani, na uinunue siku kadhaa mapema kwa kuwa huadimika. Karatasi ya hospitali ya kwanza naipa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu angalau ilitaja idadi sahihi ya pakiti. Utakapopewa ya kwako, isome ukiwa bado mbele ya aliyekupa. Isipotaja saa ya kuanza lita za pili, saa ya kuacha kunywa na namba ya simu inayopokelewa usiku, usiondoke dirishani hadi wakuandikie.