Miaka mitatu ya chuo cha sanaa, na vibao viwili vilivyogandana

Vibao viwili vya picha za rangi ya mafuta vilivyogandana, vikibanduliwa hutoa sauti kama ya plasta inayotolewa kwenye kidonda kibichi. Niliisikia asubuhi moja kwenye stoo ya chuo, mvua za vuli zikiwa zimeshika, mwaka wangu wa mwisho. Mtunza stoo alishika upande wake, mimi wangu, tukavuta. Vilipoachana, herufi tatu za kibao changu cha sita zilikuwa zimehamia kwenye uso wa kibao cha pili, zimekaa kinyumenyume katikati ya samaki.

Kila wiki kuna mtu ananiuliza kama ajiunge na kozi ya sanaa na ubunifu hapa Dar. Nilikuwa najibu kwa kifupi na kwa adabu. Leo naandika yote. Chuo sikitaji, waliosoma pale watakijua kwa stoo yake. Ada na masharti ya kujiunga yako kwenye fomu, mtayasoma wenyewe.

Mradi wangu wa mwisho ulikuwa kanga. Si kanga ya kitambaa, bali kanga ya hadibodi. Nilinunua ubao mmoja wa futi nne kwa nane, fundi akanikatia vipande vinane vya futi mbili kwa mbili. Viwili vikawa vya majaribio, sita vya kazi yenyewe: vitatu juu, vitatu chini, ukivipanga ukutani unapata kanga moja kubwa yenye pindo pande zote, mji katikati, na jina chini ya mji. Kwenye mji nilichora soko la samaki la Feri alfajiri, mitumbwi inaingia, akina mama wameinamia ndoo, samaki wa changu na vibua wametandazwa. Jina niliandika AKIBA HAIOZI, kwa sababu bibi yangu ana doti yenye jina hilo na ameitunza kwenye sanduku tangu sijazaliwa. Kabla ya kuanza nilizunguka maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru siku kadhaa, napima kwa macho pindo linachukua sehemu gani ya nguo, herufi zinaachiana nafasi gani. Wauzaji walinizoea. Mmoja alinifungulia marobota mazima ya doti nitazame tu, hakuniuliza nanunua lini.

Nikaamua kutumia rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango na baiskeli, kwa sababu ndiyo rangi ya mji huu. Edward Saidi Tingatinga, aliyekuja Dar akitokea Tunduru, alianza na rangi hiyohiyo mwaka 1968 hivi, kwenye vipande vya mbao za bei rahisi, kazi zikauzwa Oysterbay. Alifariki 1972, amepigwa risasi na polisi kimakosa. Miaka minne hivi ya kuchora, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Hilo kwangu ni jambo kubwa. Nilitaka kazi yangu ya kuhitimu isimame kwenye udongo ule.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye hasira yangu. Rangi ya mafuta hudanganya. Juu inaota ngozi haraka, unagusa kwa kidole unaona imekauka, kumbe chini bado ni uji. Wakati wa mvua, unyevu ukiwa mwingi, inachelewa zaidi. Ukivilaza vibao uso kwa uso na kuviwekea uzito, ile ngozi inakubali, vinagandana. Wachoraji wote wa Morogoro Stores, pale Oysterbay wanapochora Tingatinga, wanalijua hili, hata wale wanaojifunza. Mchoraji anapaka mandharinyuma, anaanika juani, anasubiri mpaka kesho ndipo amweke tembo wake. Nililiandika hili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikaibandika juu ya vibao vyangu: RANGI MBICHI, USIPANGE. Nilivisimamisha kimoja kimoja ukutani, nimeviachia nafasi.

Nilikuta vimelazwa vyote sita kwenye rundo moja, na juu yake boksi la karatasi za mtihani.

Mtunza stoo aliniangalia kwa huruma. "Dada, niliambiwa nitoe nafasi, kuna viti vinaingia." Simlaumu sana. Hakuna aliyemfundisha kazi ya mchoraji inatunzwaje, na stoo ile ni chumba kimoja cha viti vibovu, ndoo, mabango ya mahafali na kazi za wanafunzi wa miaka yote. Rafu ya kukaushia haipo. Miaka mitatu tulilipa ada ya vifaa, kila muhula, na risiti ninazo, lakini rafu ya kukaushia picha haipo kwenye chuo kinachofundisha uchoraji.

Nikavibeba vile viwili mpaka ofisini kwa mratibu wa kozi. Nilimwamkia. Nikaviweka mezani, nikamweleza. Hakuvigusa. Alitazama kwa kona ya jicho, akarudisha macho kwenye simu yake, akasema, "Si uchore vingine, binti? Hivi pale Morogoro Stores wanachora hamsini kwa siku."

Nilisimama pale. Nilikuwa na maneno mengi lakini koo lilikauka. Nilisema, "Sawa mwalimu," nikatoka. Hiyo "sawa" bado inaniuma kuliko vibao.

Maana hakusema vile kwa bahati mbaya. Alikuwa anasema anachoamini. Tulifundishwa historia ya sanaa muhula mzima, wiki baada ya wiki ni Ufaransa na Italia, kisha Tingatinga na vinyago vya Wamakonde vikapewa mchana mmoja, kabla ya mtihani, haraka haraka, kama matangazo ya msiba redioni. Sam Ntiro, aliyesoma Makerere kisha shule ya sanaa ya Slade huko London, akachora watu wa Kilimanjaro wakifanya kazi pamoja mashambani, nilimjua kwa kusoma mwenyewe maktaba. Mwanafunzi anamaliza pale anaweza kukueleza Monet, mchoraji Mfaransa, aliona nini kwenye maji, lakini hajui kwamba kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliopandana mabegani, kinachongwa kutoka gogo moja la mpingo. Nenda Mwenge kwa wachonga vinyago ukaone. Mchongaji anageuza lile gogo mara ngapi kabla ya kuligusa! Huo ni usanifu. Pale chuoni unaitwa "vitu vya watalii".

Na kwa kuwa nimeshaanza: kompyuta za maabara ya ubunifu zilikuwa chache, mbili haziwaki. Chumba cha kuchora kinaelekea magharibi, kwa hiyo mchana jua linaingia lote na kivuli cha chungu unachochora kinahama kabla hujamaliza mdomo wake. Choo cha ghorofa ya pili, niache. Kwa hali hiyo mtu akiniuliza, nasema msiende. Hela hiyo nunua rangi, nunua brashi nzuri, kaa na wazee wa Morogoro Stores mwaka mmoja, utatoka unajua kazi.

Nilivyomaliza kuandika hayo nikasimama kwanza, nikanywa maji. Si kweli yote.

Kuna mwalimu wa uchoraji wa penseli, mama mmoja wa makamo, anayepanda daladala mbili kufika pale. Mwaka wa kwanza alitukataza kufuta. Wiki sita hakuna kifutio. "Mstari uliokosea uache, weka wa pili pembeni yake, utajifunza jicho lako linapotelea wapi." Nilimchukia mwezi mzima. Kisha siku moja nikiwa kwenye mwendokasi nilimtazama mzee aliyekaa mbele yangu, nikaona sikio lake. Nikaliona kweli, jinsi linavyoanza usawa wa nyusi na kuishia karibu na ncha ya pua. Kabla ya hapo nilikuwa nachora masikio miaka yote bila kuyaona. Hilo mzee wa Morogoro Stores asingenipa, na nasema hivyo nikiwa nawapenda wale wazee kwa moyo wote. Yule mama ndiye aliyenifundisha pia kwamba rangi za kwenye skrini ni mwanga, nyekundu, kijani na bluu, na za mashine ya kuchapa ni wino, sayani, majenta, njano na nyeusi, kwa hiyo ile bluu inayowaka kwenye kompyuta haiwezi kutoka hivyo kwenye karatasi hata umgombeze vipi kijana wa Kariakoo. Leo nikipeleka kazi ya bango au fulana kuchapwa, sirudishwi. Wenzangu waliojifunzia mitaani wanarudishwa, na wanalipia mara mbili.

Kwa hiyo nendeni. Kwa ajili yake, nendeni.

Lakini bado sijamaliza habari ya vibao.

Nilivipeleka kwa mzee mmoja anayechora Oysterbay, ambaye huwa ananiruhusu nikae benchi lake. Alivigeuza, akanusa, akacheka kidogo kwa huzuni. Akaniambia, "Mwanangu, usikwangue sasa. Acha ikauke hivyohivyo, ukikwangua mbichi utang'oa na ya chini." Nikamwambia mtihani ni wiki hiyohiyo. Akasema, "Basi vipeleke vilivyo. Kazi yako ni yako hata ikiwa na jeraha." Akanifungia kwa magazeti na kamba, akaweka vijiti kona zote nyuso zisigusane. Zile dakika kumi alizotumia kufunga vibao vya mtoto wa watu! Nyumbani niliviacha chini ya feni usiku mzima.

Siku ya jopo la watahini nikavitundika vyote sita. Kibao cha sita kilikuwa kimepoteza herufi OZI, pamebaki baka la kahawia la hadibodi. Kwa hiyo jina la kanga yangu likasomeka AKIBA HAI. Na juu, kwenye kibao cha pili, zile herufi zilikuwa zimening'inia kinyume kati ya vibua.

Mtahini wa nje alisimama mbele yake muda mrefu. Akasogea, akarudi nyuma. Akasema huo ni uamuzi wa kijasiri, kuvunja msemo wa kanga ukabaki "akiba hai", na kuzipeleka herufi zilizovunjika baharini. Akauliza nilifikiaje wazo lile. Mratibu alikuwa pembeni yake, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa kama aliyelifuga wazo hilo mwenyewe.

Ningeweza kunyamaza. Alama zilikuwa zinakuja. Nilisema, "Mwalimu, mimi niliandika AKIBA HAIOZI. Kazi ililazwa ikiwa mbichi stoo, ikawekewa boksi juu. Hilo si wazo langu." Chumba kikawa kimya. Mtahini akamtazama mratibu, mratibu akatazama karatasi. Mama wa penseli, aliyekuwa mlangoni, akaangalia chini.

Nilifaulu. Alama nzuri, sijui zilipungua au ziliongezeka kwa kusema kwangu, sikuuliza. Msamaha sikuupata, si wa mdomo, si wa maandishi. Mwezi juzi nilipita kuchukua cheti nikachungulia stoo. Viti vimeongezeka. Rafu hakuna. Kwenye kona kulikuwa na picha ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, sura ya msichana, imeegeshwa na uso wake umeelekea ukutani kabisa, imegusa. Niliitoa nikaiwekea kijiti juu na chini. Sikumwomba mtu ruhusa.

Mkiamua kwenda, kazi ya rangi ya mafuta msiiache pale hata usiku mmoja. Irudisheni nyumbani kwa daladala. Konda atalalamika, mlipieni kiti cha pili.

Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne na anataka hichohicho chuo. Wiki iliyopita nilimwambia hapana. Juzi nikamwambia asubiri. Jana aliniletea daftari lake, amechora mikono ya mama akimenya ndizi, na hakuwa amefuta mstari hata mmoja. Fomu yake ninayo mezani, nimeijaza mpaka sehemu ya saini ya mzazi.