Makumbusho ya Karen Blixen: shamba la kahawa lililogeuka mtaa

Anayetaka kujua kwa nini mtaa wa Karen una nyua ndefu, miti mikubwa na nyumba zisizoonekana kutoka barabarani, aanzie kwenye nyumba hii ya mawe ya kijivu na vigae vyekundu iliyoko Karen Road. Wengi huja kwa sababu ya filamu ya Out of Africa ya 1985, iliyotokana na kitabu cha Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa hapa, na hapo ndipo wanapojichanganya. Matukio ya nyumbani hayakupigwa humu. Yalipigwa katika nyumba ya Mbagathi, jirani tu, alikoishi Blixen kati ya 1914 na 1917 kabla ya kuhamia hapa. Makumbusho yalifunguliwa 1986, filamu ikiwa bado inavuma, na vyumba vikajazwa vitu vya aina mbili: vilivyokuwa vyake, na vilivyoachwa na watengenezaji wa filamu.

Kwa hiyo katika kila chumba muulize mwelekezi swali moja tu: hiki ni chake au ni cha filamu? Rafu ya vitabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Denys Finch Hatton, mpenzi wa Blixen, kwa mfano, ni ya kutazamwa kwa makini. Jiko la Dover kule nyuma si lile lenyewe, ni la aina ileile. Jiko hilo liko katika jengo la peke yake, mbali kidogo na nyumba, na watu wengi huliruka wakidhani ziara imekwisha. Usiliruke. Ukishaona ule mkebe mzito wa chuma unaokula kuni, ndipo utakapofahamu kazi aliyokuwa nayo mpishi Kamante Gatura mwaka 1928, alipomwandalia chakula mwana wa mfalme wa Uingereza.

Nyumba yenyewe ilijengwa 1912 na Msweden Åke Sjögren. Haina ghorofa, imetandazwa kwa upana, na kuta za ndani zimefunikwa mbao za mahogani zinazofanya vyumba viwe na giza kidogo hata mchana. Ziara haichukui muda mrefu; kikundi kikiwa kikubwa mnasukumana milangoni, kwa hiyo fika mapema, saa mbili na nusu asubuhi wanapofungua. Asubuhi pia ndiyo saa ya kuiona milima ya Ngong, jua likiipiga kwa mbele. Mwezi wa Julai ukungu huweza kuificha mpaka adhuhuri.

Sehemu ninayoiona yenye thamani kuliko zote ni mabaki ya mitambo ya kahawa uwanjani, na ndiyo inayopitwa kwa haraka. Buni ikivunwa humenywa ganda la nje, huchachushwa ili utelezi utoke, huoshwa, kisha hukaushwa mpaka unyevu ushuke kutoka karibu nusu ya uzito hadi asilimia 11 hivi. Jua likikosekana, kazi hiyo hufanywa na pipa kubwa la chuma linalozunguka huku likipulizwa hewa ya moto. Ukiacha buni mbichi siku kadhaa bila kuikausha, inaota kuvu na bei inaanguka. Sasa fikiria hasara ya 1923, kiwanda cha shamba kilipoungua. Na hata bila moto, mahali hapa hapakuwa pa kahawa: zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari, baridi, mvua ya kubahatisha, udongo wenye asidi. Ekari 600 za mikahawa ndani ya shamba la ekari zaidi ya 4,000 zilikula pesa za jamaa zake wa Denmark mpaka 1931.

Mwaka huo shamba liliuzwa kwa Remy Martin, mfanyabiashara wa ardhi, likakatwa viwanja vya ekari 20. Huo ndio mtaa wa Karen. Maskwota, familia za Wakikuyu zilizolima na kufuga humo, ziliondoka. Blixen alihangaika serikalini mpaka wakapewa ardhi pamoja upande wa Dagoretti. Kwa maoni yangu kisa hiki kingestahili nafasi sawa na kile cha mapenzi na ndege ya Finch Hatton iliyoanguka Voi. Kiulizie, waelekezi wenye uzoefu wanakijua vizuri. Nyumba ilinunuliwa na serikali ya Denmark, ikapewa Kenya kama zawadi ya uhuru.

Usafiri si tatizo. Matatu namba 24 kutoka mjini inapita mbele ya lango. Ukipanda 111 ya Ngong utashukia Karen madukani, halafu utafute bodaboda. Wenye gari wanaotoka Mombasa Road waingie Southern Bypass, wachomokee Lang'ata Road. Ngong Road jioni ni ya kuepukwa. Malipo ni ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, basi hakikisha simu ina chaji na pesa ziko M-Pesa kabla hujafika langoni. Bei kwa raia, mkazi na mgeni hazilingani, kwa hiyo beba kitambulisho. Ndani ya nyumba kamera inawekwa mfukoni.

Ukibakiwa na muda, Kazuri haiko mbali. Karakana hiyo ya shanga za udongo ilianzishwa 1975 na Lady Susan Wood katika ardhi iliyokuwa ya shamba hilihili. Nenda siku ya kazi, mafundi wakiwa mezani. Mwenye watoto aende Giraffe Centre. Mwenye miguu ya kutembea aende msitu wa Oloolua, wenye pango, mianzi na maporomoko ya maji. Avae viatu vya kushika, njia huteleza baada ya mvua.